Mama Bila: Anampikia kila mtu, isipokuwa bintiye

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Bila anamsubiri kiwavi afanye uamuzi.

Kiwavi mwenyewe ni wa kijani, mnene kiasi, ametoka kwenye fungu la maharage mabichi na sasa ameganda kwenye ukingo wa sinia. Wateja wawili wamesimama mbele ya kaunta wakingoja chai. Mama Bila anamtegea kipande cha gazeti na kumbembeleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemlisha mtoto msumbufu. Kiwavi akishapanda, anambeba mpaka nje ya mlango wa nyuma na kumteremsha kwenye majani yaliyoota kando ya mfereji. Kisha ananawa mikono na kurudi kwenye chai.

"Amefika salama?" anauliza dereva wa gari la wagonjwa, mteja wa kila siku.

"Yeye amefika. Wewe ndiye bado hujafika kazini," anajibiwa, na kikombe kinasukumwa mbele yake.

Mgahawa uko mkabala na lango la hospitali: chumba kimoja, meza saba, jiko la gesi, na dirisha ambalo halijawahi kufungika vizuri. Ukutani kwa nje kuna jina zuri la rangi ya bluu ambalo hakuna anayelitumia. Wauguzi, madereva, wafagizi na ndugu wa wagonjwa, wote husema wanakwenda kwa Mama Bila.

Jina hilo alipachikwa mwaka wa kwanza wa biashara. Mteja mmoja aliuliza mbona mchuzi hauna kitunguu, akaambiwa hapa tunapika bila kitunguu. Na kitunguu saumu? Bila. Viazi? Bila. Karoti je, mama? Bila. Mteja akakuna kichwa, akauliza kama angalau chumvi ipo. Chumvi ilikuwepo. Akakaa, akala, akaomba kuongezewa, na alipotoka alikwenda kutangaza wodi nzima kwamba ng'ambo ya barabara kuna Mama Bila.

Mama huyu mwenye umri wa miaka hamsini na minane ni Mjaini, na katika dini ya Ujaini hakuna amri inayotangulia ile ya kutodhuru kiumbe chenye uhai. Mmea uking'olewa na mizizi hufa wote, na vijidudu vilivyojificha udongoni hufa nao, ndiyo maana vitu vya chini ya ardhi havivuki mlango wa jiko lake. Badala ya kitunguu hutumia mvuje, utomvu mkavu ambao harufu yake ikiwa mbichi humfanya mgeni akunje pua, lakini ukiingia kwenye mafuta ya moto humfanya avute kiti. Siku nzuri hutoka sahani mia moja na ishirini. Siku mbaya hutoka thelathini, na zinazobaki hugawiwa langoni kabla jua halijazama.

Jua likishazama yeye mwenyewe hatii kitu kinywani. Maji anayokunywa ni yale tu aliyoyachemsha. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, huchagua kitu kimoja cha kujinyima kwa siku hiyo. Wateja wameshajua, na huuliza hata kabla ya salamu: "Mama Bila, leo umeacha nini?" Leo ameacha sukari. Juzi aliacha redio. Kuna siku aliweka nadhiri ya kutokasirika kutwa nzima, na bahati mbaya ndiyo siku fundi bomba alichelewa, halafu akapasua bomba lililokuwa zima.

"Hiyo ilivunjika kabla ya chakula cha mchana," anasimulia mumewe. "Nadhiri, sio bomba. Bomba lilikuwa limeshavunjika."

Mumewe ni mzee mwembamba, fundi saa aliyestaafu, ambaye sasa anachukua oda, anapeleka sahani mezani, na siku ambazo mkewe amefunga ndiye mwonjaji wa mchuzi. Ni mtu mwema, mcheshi, na mdomo wake hauna breki. Mkewe anampenda, lakini hilo la breki limewahi kumgharimu, na gharama yenyewe haijafutika moyoni.

Maana mpishi huyu anayelisha nusu ya hospitali amekaa miaka sita bila kumlisha mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mwanawe wa kumzaa.

Ni mtoto wao wa pekee. Utotoni walimwita Kijiko, kwa sababu hakuna sufuria iliyowahi kufunuliwa jikoni bila yeye kutokea na kijiko mkononi. Alipenda kula, na hakuwa na haya nalo. Bamia za kukaanga zilizokauka ndizo zilizokuwa ugonjwa wake. Angeweza kumaliza sufuria peke yake kisha akauliza jioni tunakula nini. Alipokua alipata kazi kwenye duka la vitambaa, na hata huko alijulikana kwa kopo lake la chakula cha mchana, lililokuwa kubwa kuliko la mwenye duka.

"Nilijua ataolewa mapema," anasema Mama Bila. "Nilishaanza kumwonea huruma mkwe wangu kwa matumizi."

Hakuolewa. Akiwa na miaka ishirini na miwili alifunga siku nane mfululizo, kwa maji ya kuchemsha tu, kama Wajaini wengi wanavyofanya angalau mara moja maishani. Nyumbani wote walitegemea atamaliza akidai bamia. Alimaliza akiwa ametulia tuli, akanywa uji mwembamba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kwa mara ya kwanza hakuna kitu kilichokuwa kinamwita. Baada ya miezi michache aliomba ruhusa ya kuwa mtawa.

Kwao, asiye na ruhusa ya wazazi hapokelewi. Baba alilia wiki nzima, kisha akakubali. Mama alikataa miaka miwili. Alikataa kwa hoja, akakataa kwa kununa, akakataa kwa mapishi, kila siku akipika kitu kitamu kuliko cha jana ili mtoto akumbuke dunia ina nini. Kijiko alikula vyote, akashukuru, akaosha vyombo, akaomba ruhusa tena.

"Nikaona namchosha bure, na mimi mwenyewe nimechoka," anasema. "Nikamwambia, nenda, mwanangu. Nilisema kwa mdomo. Roho ilikuja kufuata polepole, na sina hakika kama imefika yote."

Siku moja kabla ya kuweka nadhiri, mama alimsuka bintiye nywele. Kesho yake, ukumbini, nywele zile ziling'olewa kwa mkono, kama ilivyo kwa watawa wote wa Kijaini. Akavaa nguo nyeupe zisizo na mshono. Akaapa mambo matano: kutodhuru kiumbe chochote, kutosema uongo, kutochukua asichopewa, kujitenga na mambo ya mume na mke, na kutomiliki kitu. Akakabidhiwa bakuli za mbao na ufagio laini wa sufu, wa kufagilia njia asije akakanyaga uhai. Jina la Kijiko likaishia hapo. Mama yake akapiga magoti mbele yake, kwa sababu kuanzia saa hiyo mkubwa alikuwa yule mtoto.

"Kumpigia magoti mtu niliyemfundisha kufunga vifungo vya shati," anasema, akicheka huku akifuta macho kwa ncha ya aproni. "Nilimwita Mama Mtawa. Akaitikia vizuri tu."

Watawa hawa hawana jiko wala hawashiki pesa. Hupita mlango kwa mlango wakipokea kidogo hapa na kidogo pale, ili isiwepo nyumba inayolemewa, na hawasemi watapita lini wala kwa nani. Sharti lao kubwa ni kwamba chakula kisiwe kimepikwa kwa ajili yao. Moto ukiwashwa kwa sababu yao, na mboga ikikatwa kwa sababu yao, madhara yake yanawaangukia wao. Hupokea sehemu tu ya kile ambacho wenye nyumba wangekula hata kama hakuna mtawa aliyepita.

Kwa maneno mengine, Mama Bila anaweza kumlisha bintiye kwa sharti moja: asiwe amempikia. Kwa mpishi, na tena mama, huo ni mtihani ambao hata kuusikia kunachosha.

Miaka miwili iliyopita, watawa wanne, Kijiko akiwemo, walipita mji huu kwa miguu, peku, wakitoka mbali. Habari zilimkuta sokoni. Akanunua bamia zote za muuzaji mmoja, akafunga mgahawa siku ya kazi, jambo ambalo hajalifanya hata akiugua, na akajifungia jikoni nyumbani. Kufika kesho yake bamia zilikuwa zimekauka vizuri, choroko zimeiva, wali umechambuka, mikate imepangwa safu kwa safu. Nyumba ya watu wawili ilikuwa na chakula cha watu kumi.

Jibu alikuwa nalo tayari. Akiulizwa, angesema hiki ni chakula cha nyumbani, na usingekuwa uongo, maana kilipikwa nyumbani. Anakiri sasa kwamba huo ulikuwa ujanja wa mtoto mdogo.

Waliingia wawili: mtawa mkuu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na nyuma yake Kijiko, amekonda, uso unang'aa. Mtawa mkuu alizitazama sufuria, akauliza kwa upole nyumba hii mnakaa wangapi. Wawili, akajibu Mama Bila, na akafungua kinywa aongeze lile jibu lake. Hakuwahi. Mumewe, aliyekuwa amejawa na furaha ya kumwona mwanawe baada ya miaka minne, alimtangulia.

"Karibuni, karibuni sana," alisema. "Mama yenu hajakaa chini tangu jana, anawapikia nyinyi."

Kijiko alikuwa ameshanyoosha bakuli. Akalirudisha taratibu kwenye mkunjo wa nguo yake.

Walichopokea ni maji tu. Hayo yalikuwa halali, kwa sababu huchemshwa kila siku kwa kiu ya wenye nyumba. Mama Bila aliyamimina kwenye bakuli la bintiye, mengine yakamwagikia sakafuni. Kijiko akasema baraka ile ile anayoisema kwenye kila mlango, akageuka, akashuka ngazi. Bamia zililiwa na watu wa langoni, wakazisifu sana, na kila sifa ilimchoma.

Mumewe alinyimwa maneno kwa muda mrefu. Mpaka leo anajitetea, ingawa hufanya hivyo akiwa upande wa pili wa chumba. "Nilisema kweli," anasema. "Na kweli nayo ni nadhiri, au sivyo?"

Mwaka huu watawa wamerudi. Msimu wa mvua hawasafiri, kwani ardhi hujaa wadudu na machipukizi, na kila hatua ingekuwa hatari kwa kiumbe fulani. Hukaa mahali pamoja miezi minne. Safari hii wamekaa kwenye ukumbi wa Wajaini, mitaa miwili nyuma ya hospitali, na Kijiko yumo.

Mama Bila hafungi tena mgahawa. Kila alasiri, chakula cha mchana kikishamalizika, huvua aproni na kwenda kukaa ukumbini pamoja na wanawake wengine kusikiliza mafundisho. Bintiye hukaa mbele, na akiulizwa jambo la dini humjibu yeyote aliyeuliza. Ni katika mazungumzo hayo Mama Bila alipopata habari iliyomwacha mdomo wazi: siku ile ya nadhiri, Kijiko aliapa pia kutokula tena bamia maisha yake yote, kwa sababu ndicho kitu alichokipenda kupita vyote.

"Kumbe hata mzee angenyamaza, bamia zangu zisingeliwa," anasema. "Nilinuna miezi kwa chakula ambacho kisingeonjwa."

Siku nyingine alipiga moyo konde, akasimama mbele ya ukumbi mzima na kuuliza swali alilolibeba kwa miaka miwili. Mtu akipika huku anamuwaza mtu, chakula hicho kimeharibika?

Mtawa mkuu akasema mawazo hayana mlango wa kufungwa, lakini mpishi anaweza kujiuliza kama chakula kile kingepikwa vile vile, kiasi kile kile, hata kama mtu huyo asingezaliwa. Kisha akaongeza jambo ambalo Mama Bila hakulitegemea.

"Tunachopokea kinatoka kwenye sahani yako," alimwambia. "Wewe unapunguza chako, sisi tunapata. Sahani yako iko wapi, mama?"

Hakuwa nayo. Aliligundua pale pale, amesimama mbele za watu. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa amekula amesimama, ukoko wa sufuria huku, kipande cha mkate kilichoungua kule, katikati ya oda mbili. Hata Jumapili, siku ambayo mgahawa haufunguliwi, alimpikia mumewe, akampakulia, kisha akala alichobakiza. Alilisha watu mpaka akasahau kwamba naye ana tumbo.

Jumapili iliyofuata alitoa sahani kabatini, akaiweka mezani upande wa pili wa mumewe, akajipakulia. Haikuwa rahisi. Kila baada ya tonge mbili alinyanyuka, mara kufuta jiko, mara kutazama maji, mpaka mzee akamshika mkono.

"Kaa, mke wangu," alimwambia. "Hakuna aliyeagiza kitu."

Polepole akazoea. Kisichozoeleka kilikuwa kile kipimo. Akichota unga wa watu wawili, mkono ulirudi wenyewe kuongeza konzi moja. Anaijua hiyo konzi ni ya nani. Mara nyingine aliirudisha ndani ya kopo na mara nyingine hakuirudisha, na siku ambazo hakuirudisha aliomba kimya kimya watawa wasipite. Hawakupita. Walionekana kwa jirani wa juu, wakaonekana kwa mwenye duka la vitambaa, na Jumapili zikazidi kwenda.

Halafu ikaja Jumapili ya dirisha. Mumewe alikuwa ameliacha wazi dirisha la jikoni nyumbani, mvua ikaingia, na gunia zima la unga likalowa. Mama Bila aliamka na ghadhabu na hakuipumzisha. Alisema ya dirisha, akasema ya gunia, akarudi nyuma kusema ya saa za watu alizozitengeneza bila kulipwa enzi za ujana. Alipika choroko, na mikate michache ya unga uliosalia ndani ya kopo, kwa sababu hakukuwa na kingine kikavu, akagonga vifuniko, akatia chumvi, na kwa hasira akatia chumvi tena. Akapakua sahani mbili. Akakaa. Alikuwa hajatia hata mkono kwenye chakula.

Mlangoni wakasimama wanawake wawili wenye nguo nyeupe.

Mtawa mkuu akauliza hiki ni chakula cha nani.

"Changu," akajibu Mama Bila, bado amekunja uso.

Safari hii hakuna aliyeongeza neno. Mzee alikuwa bado kwenye adhabu ya dirisha na hakuthubutu kupumua. Mtawa mkuu akaikubali sahani kwa kuinamisha kichwa, na Kijiko akasogea mbele na bakuli lake. Hapo ndipo Mama Bila alipomwona ni nani. Akamgawia nusu ya choroko zake na mkate mmoja kati ya miwili. Alitaka kuongeza, bintiye akasema inatosha. Akasema baraka yake, ile ile ya kila mlango, na wakaondoka. Hapakuwa na kushikana mikono wala kuitana mama na mwana.

Alikaa tena mezani, akala tonge la kwanza, akapigwa na chumvi.

"Nilitaka nikimbie barabarani nimwambie asile," anasema, na hapo kicheko kinamzidi nguvu. Mtawa hakosoi alichopewa. Kijiko, aliyejua ladha ya kila chungu cha mama yake, atakuwa alikula choroko zile mpaka ya mwisho bila kukunja uso.

Kicheko kinaisha, na Mama Bila anaendelea kuchambua dengu kwenye sinia.

"Baadaye ndiyo nililia," anasema. "Maana niligundua kwamba tangu nimeamka siku ile sikuwa nimemuwaza hata mara moja. Kwa sababu ya dirisha. Miaka sita nampikia kichwani kila siku, hajapata hata tonge. Siku niliyomsahau ndiyo siku aliyokula mkononi mwangu. Nifurahi au nijilaumu? Mpaka sasa nafanya vyote viwili."

Mumewe, anayefuta meza ya jirani, anasema yeye hana shida, yuko tayari kuacha dirisha wazi kila Jumapili.

Mvua zinaelekea ukingoni. Wiki chache zijazo watawa watafunga safari na kuondoka kwa miguu, na hakuna ajuaye kama watapita tena hapa mwakani au baada ya miaka kumi. Anapoulizwa kama anatumaini kumlisha bintiye tena kabla hajaondoka, Mama Bila anatikisa kichwa. Kutumaini, anasema, ndiko kunakoongeza ile konzi. Kwa hiyo ameweka nadhiri mpya, na hii siyo ya siku moja: Jumapili atapika kwa kikombe kimoja kile kile cha kupimia, chakula cha watu wawili, basi, awepo mtawa mjini au asiwepo. Atakula amekaa. Atakayepita na apite.

"Mikono nimeiapisha," anasema.

Na moyo je?

Anainuka, anafunika sufuria, anapunguza moto. Mteja amekwisha kusimama kaunta akiuliza leo ameacha nini.

"Moyo," anasema Mama Bila, akinyoosha mkono kuchukua sahani, "sijauapisha."